Kopo la Karanga Kwenye Mizani ya Magari

Usiku wa jana niliota ndoto ya kunikosea heshima, na mpaka sasa sijui nimlalamikie nani.

Nieleze kwanza nililalaje, mtu asije akasema nilijitakia. Ninauza siagi ya karanga mtandaoni. Niko Dodoma, Nkuhungu, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam. Kopo la nusu kilo ni shilingi elfu tisa, na ukichukua matatu unaletewa bure. Karanga hukaangwa, humenywa na kusagwa uani na Shangazi Mbeleje, dada yake marehemu baba, ambaye ninaishi naye mwaka wa tatu huu. Jana jioni Shangazi aliniomba elfu arobaini na tano za miwani. Alisema siku hizi karanga nzima na karanga iliyooza anaziona zote sawa. Nikamwambia duka halina fungu la miwani. Aliingia chumbani, akatoka na begi lake limeshafungwa, akaliweka karibu na mlango na kusema kesho asubuhi anapanda basi la Singida, anakwenda kwa binti yake.

Nililala na hasira. Mtu anakula kwangu, analala kwangu, akiumwa nampeleka hospitali, halafu ananifungia begi. Na duka nililianzisha mimi, kwa jasho langu na simu yangu.

Basi nikaota.

Kopo la siagi ya karanga limekaa kwenye kiti changu, limeshika simu yangu, linajibu wateja. Nachungulia. Linawashauri wasinunue. Naliuliza limepewa ruhusa na nani.

"Nauzwa bila kujulikana nimegharimu kiasi gani," linasema. "Sioni sababu ya kumdanganya mteja."

Nikaona huu ni utovu wa adabu, tena kwenye kiti changu. Nikaliambia gharama yake naijua vizuri na nimeiandika daftarini. Karanga elfu tatu na mia mbili, kopo mia nane, jumla elfu nne. Nauza elfu tisa, napata elfu tano.

"Na kifuniko?"

"Kifuniko kinakuja na kopo."

"Kifuniko hakijawahi kukubali hilo," kopo likasema. Kifuniko kikajizungusha mara moja kuelekea kushoto, na mimi nikaelewa kwamba kimekataa.

Nilipotaka kulinyang'anya simu, sebule ikawa haipo. Tuko kando ya barabara kuu, kwenye mizani ya kupimia malori. Nyuma yetu kuna foleni ndefu na madereva wanapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha. Ofisa wa zamu ni mbuzi aliyevaa kofia na kizibao cha njano. Anatafuna karatasi polepole. Nikamkazia macho, nikagundua anatafuna risiti zangu, zile ambazo huwa nazitupa kwa sababu zinajaza pochi.

Nikamuuliza ni kwa haki gani anakula risiti za watu.

"Ulizitupa," akasema. "Mwaka mzima huu nimekula kwako. Nashukuru."

Juu ya kibanda chake kuna bango, nami kusoma ninajua, lakini mbuzi alinisomea kama mtoto wa chekechea. Bango linasema kila gharama ibebwe na bidhaa yake. Nikasema sina tatizo na hilo. Hapo ndipo nilipokosea.

Kopo likapanda kwenye mizani. Karanga zikalipanda mgongoni, zikafuata lebo, kisha umeme wa blenda, ambao ulikuwa mzito kuliko unavyoonekana kwenye mita. Halafu akaja Hosea, kijana wa bodaboda anayenipelekea mizigo stendi, akapanda na pikipiki yake, kofia ngumu kichwani. Magoti ya kopo yakakunjika. Sikujua kama kopo lina magoti.

Nikapinga. Nikamwambia mbuzi kwamba Hosea hahusiki kabisa, kwa sababu kwangu usafiri ni bure na kila mteja anajua.

Hosea akainama kutoka kule juu. "Bure kwa nani, dada?" akauliza, kwa upole kabisa, na mimi nikakasirika zaidi kwa sababu ya ule upole.

Wakaendelea kupanda. Likapanda tangazo la mtandaoni, mtu mnene mwenye kipaza sauti, akidai malipo ya kuwapigia kelele watu elfu sita waliopita bila kugeuka. Yakapanda makato ya kutoa pesa kwenye simu, kundi la watu wafupi wafupi waliokuwa wakisema kila mmoja wao ni mdogo sana, sitamhisi. Likapanda bando, likaisha kabla halijakaa. Yakapanda makopo mawili yaliyovunjikia kwenye basi, na nyuma yao mke wa mchungaji wetu, amebeba kijiko. Yeye huchukua kopo moja kila mwezi, na kila nikimuuliza kuhusu malipo husema bado yuko kwenye kuonja.

"Huyo ni mtu wa kanisani," nikamwambia mbuzi. "Huwezi kumwita gharama."

"Amepanda mwenyewe," mbuzi akasema.

Pembeni ya mizani, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Shangazi Mbeleje na ungo mapajani. Anasugua karanga, maganda mekundu yanapeperuka na kunasa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Hakuna aliyemwita, naye hakuuliza. Nakumbuka niliwaza kwamba angalau kuna mtu mmoja hapa asiyenisumbua.

Mbuzi akaandika uzito, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akatangaza kanuni ya pili, kwamba faida ni yule anayebaki. Atawaita wote kwa majina, kila mmoja ashuke na chake aondoke, na atakayekuwa bado yupo geti litakapofungwa ndiye faida yangu, nimchukue niende naye nyumbani.

Hiyo kanuni niliipenda. Nikatengeneza kilemba. Faida yangu nilishaizoea kichwani, elfu tano kwa kila kopo, na siku zote niliiona kama mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kisigino, asiye na haraka. Nikakaa kumsubiri.

Wakaanza kuitwa. Karanga zikashuka na elfu tatu na mia mbili. Kopo na kifuniko chake wakashuka na mia tisa, hawasemeshani. Hosea akachukua elfu moja na mia tano, akawasha pikipiki na kuondoka. Tangazo likachukua lake, likaondoka likipiga kelele. Wale wafupi wafupi wa makato wakashuka kwa mstari mrefu, na nikawahisi wote. Mke wa mchungaji akaondoka na kijiko, akaniambia Mungu anibariki. Geti likafungwa.

Mwanamke wa viatu vya kisigino hakuonekana.

Kwenye uwanja ule wote alikuwa amebaki Shangazi, na karanga zake.

"Mchukue," mbuzi akasema. "Elfu moja na mia tatu kwa kopo."

Nikamwambia amekosea. Nikamwambia kwa sauti, na wale madereva wa malori wasikie, kwamba yule si faida, yule ni shangazi yangu, ndugu ya baba yangu, na kwetu shangazi hatozwi wala halipwi.

Mbuzi akafungua daftari langu. Lilikuwa langu kabisa, lile ninalolifungia kabatini. "Wenye majina humu nimewaita wote," akasema. "Huyu hayumo. Asiyeitwa haondoki, na asiyeondoka ndiye anayebaki."

"Mfanyakazi wa kumenya sokoni anatoza elfu moja na mia mbili kwa nusu kilo," Hosea akasema. Alikuwa ameshaondoka, lakini sauti yake ilirudi.

Nilifanya hesabu. Sikuitaka hesabu ile, ila ilijifanya yenyewe. Ilibaki shilingi mia moja.

Mbuzi akanipa pochi yangu, akasema faida huwekwa mfukoni, malori yanasubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajaribu. Nikamwinua Shangazi kwenye kigoda na kumwingiza kwenye pochi kuanzia miguuni. Hakuwa mzito. Aliingia kiuno, akaingia mabega, lakini mikono ikabaki nje. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, ngozi ya vidole gumba imepasuka, na kila mpasuko una unga wa karanga ndani. Sikuwahi kuitazama mikono ile kwa muda mrefu hivyo. Nikavuta zipu.

"Usivute sana, mwanangu, itakatika," Shangazi akasema kutoka ndani. "Hiyo zipu niliishona mimi."

Kisha akanyoosha mkono na kupapasa hewani, kwa sababu haoni vizuri, mpaka akalipata daftari. Akabonyeza kidole gumba kwenye ukurasa. Mbuzi akapiga muhuri, na lori la kwanza likapita juu yetu sote.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa na hasira na mbuzi, na kopo, na Hosea zaidi ya wote, nikapanga kumpigia simu nimgombeze. Nikavua ufunguo wa kabati, ambao huwa nalala nao shingoni kwa kamba, nikafungua na kutoa daftari ili nijionyeshe kwa maandishi yangu kwamba napata elfu tano.

Pale nilipoandika faida kulikuwa na doa la mafuta. Lilikuwa la umbo la kidole gumba, lenye mistari yake na mpasuko mmoja katikati. Karatasi ilikuwa imelainika mpaka nikaona namba za ukurasa wa pili kupitia pale. Nikalisugua kwa kanga. Mafuta ya karanga hayafutiki, yanasambaa. Yakaifunika ile elfu tano yote.

Nikatoka na daftari. Shangazi alikuwa ameinama mlangoni, anatafuta kiatu cha pili kwa kupapasa, na kiatu kilikuwa mbele yake. Nikamsogezea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikakaa chini kizingitini, nikafungua daftari juu ya begi lake, nikatoa kalamu.

Akainuka na kiatu mkononi. "Unaandika nini asubuhi yote hii?"

"Jina lako, shangazi. Na kiasi chako kwa kila kopo."

Akaliinamia daftari, akalisogeza karibu na pua, akalipeleka mbali.

"Andika kubwa," akasema. "Miwani sina."