Alcide Hatoki Katikati

Nawatega kimoja kabla sijaanza. Watu kumi na mmoja wako vitani, kumi wana masikio, mmoja tu ana mdomo. Ni nani?

Msijisumbue, nawapa jibu. Ni mlinzi wa katikati katika mpira wetu huu wa Kimarekani, yule anayesimama nyuma ya wale wanene na kuwapigia kelele wenzake wakae wapi. Mume wangu, Alcide Narcisse, alizaliwa awe jibu hilo, na kwa miaka sita timu yake ilimkatalia.

Chuoni kwetu, chuo cha watu weusi, alicheza katikati miaka minne na hakuna aliyeshangaa. Alipochukuliwa na timu ya kulipwa, siku ya kwanza tu wakamsogeza pembeni. Huko kazi ni kukimbia na kumwangusha mrushaji, yule wa upande wa pili anayerusha mpira, na alimwangusha vizuri mno, magazeti yakamsifu kwa mbio zake na mabega yake. Kichwa chake hakuna aliyekitaja. Miaka ile katikati palikuwa pa wazungu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Ukiuliza, unaambiwa katikati panataka mtu wa kufikiri, kisha mtu anakutazama kana kwamba amekujibu.

Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kupika kwenye shule ya watoto. Lakini vitendawili nilivinyonya kwa bibi yangu, barazani kwake kule Louisiana, na Alcide aliponioa alijua anaoa na mdomo wangu. Kwa hiyo kila nilipochambua maharage mekundu, yale tunayopika kwetu kila Jumatatu, nilikuwa namtega. Maharage ni wapinzani, punje za mahindi ni sisi. Nampangia mezani: wawili kushoto, mmoja kulia peke yake, mmoja nyuma. Wanakwenda wapi?

Alikuwa anaziba jicho moja, anafikiri. Anasema wale wa kushoto wanamdanganya, mwenye habari ni yule wa kulia. Au ananiuliza vidole vya yule mnene wa mbele vikoje. Nikimwambia amevikandamiza chini mpaka kucha zimebadilika rangi, anasema basi huyo anakuja mbele, wanakimbia na mpira, hawarushi. Miaka sita tulicheza hivyo. Kitabu cha mipango cha timu nilikijua kuliko kitabu cha nyimbo, na Mungu anisamehe.

Mwaka wa saba, Jumapili moja ya Oktoba, goti la Dwight Kessler likavunjika. Kessler ndiye aliyekuwa katikati, mzungu mkimya, hakuwa na ubaya. Alcide hakulifurahia goti la mwenzake, lakini Jumatatu alinyoa ndevu vizuri akaenda kumwona kocha.

Kocha aliitwa Pruitt. Alimsikiliza, akamwambia ana mtu tayari, Tommy Birch, ambaye alikuwa ametoka chuo miezi minne tu na bado alipotea njia ya kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Alcide akasema tupeni mtihani sote wawili. Kila Jumanne wachezaji walipewa karatasi ya maswali arobaini juu ya wapinzani wa wiki hiyo. Kocha akasema haya, tuone. Birch alipata kumi na tisa. Alcide alipata arobaini.

Kocha akamuuliza ni nani aliyeiba majibu akampa.

Aliporudi nyumbani na kunisimulia hilo, hakupandisha sauti. Alikula sahani mbili, akaosha vyombo, na hapo nikajua ameumia. Mimi nililala nikiwa nimeshaamua. Jumatano asubuhi nilivaa kofia yangu ya kanisani, ile yenye manyoya ya bluu, nikatia maharage na mahindi kwenye mfuko wa karatasi, nikaongozana naye.

Pruitt alisimama kunipokea, hilo nalikubali. Akasema, "Bibi Narcisse, hapa si kanisani."

"Naona," nikamwambia. "Kanisani mtu akipata arobaini hawamwiti mwizi."

Nikamwaga maharage juu ya meza yake. Nikamwambia apange yeye mwenyewe, jinsi anavyotaka, mambo ambayo hayako kwenye karatasi wala kwenye kitabu chochote, halafu amtege mume wangu.

Nadhani alitaka kucheka, ila msaidizi wake alikuwa anatazama. Akapanga. Alcide akajibu. Akapanga tena, Alcide akajibu kabla hajatoa mkono. Mara tano. Mara ya sita kocha akakaa muda, akahamisha harage moja, akalirudisha, akalihamisha tena, kisha akaegemea kiti na kukunja mikono. "Hao wanakwenda wapi, kijana?"

Alcide aliinama, akahesabu kwa kidole. "Hawaendi popote, kocha. Mbele wako sita, sheria inataka saba. Mwamuzi atapiga filimbi, watarudishwa nyuma. Na mimi si kijana, nina watoto wawili. Kijana umempa nafasi yangu."

Msaidizi alikohoa. Kocha alikusanya maharage yangu polepole, akayarudisha mfukoni yote, hata lile lililodondoka chini, akanikabidhi kwa adabu. Akasema maharage hayakimbii, bibi. Kessler atapona baada ya wiki sita, na mpaka hapo atacheza Birch.

Jumapili nilikaa mahali tulipokaa siku zote wake wa wachezaji weusi, kule mwisho, jua la machoni. Nikaona yote. Birch alikuwa anageuka kutazama ishara za mikono kutoka benchi, akigeuka tena wapinzani wameshaanza. Walipita katikati yetu kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mara mbili wakavuka mstari wetu wa mwisho na mpira, wakapata pointi, kabla ya mapumziko. Masikini Birch, hata nyuma ya vyuma vya kofia yake ya kujikinga uliona amepauka.

Kilichosemwa uwanjani alinisimulia Birch mwenyewe, miaka mingi baadaye, mezani kwangu. Kipindi cha pili kimeanza, wamekusanyika duara, Alcide akamgusa bega, akamwambia, "Bwana mdogo, nenda pembeni kwangu. Kule ni kukimbia tu, hakuna cha kufikiri. Si ndivyo kocha anavyosema?"

"Kocha ataniua, Al."

"Ataanza na mimi. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Birch akaenda. Alcide akatembea hatua zake, akasimama katikati, akaanza kupiga kelele. Wenzake tisa wengine walitazamana. Kisha mmoja akasogea alikoambiwa, na mwingine, na wote wakasogea. Wapinzani wakakimbia kulia, na kulia palikuwa pamejaa watu wetu.

Kocha alitupa ubao wake chini. Akamtuma mchezaji wa akiba aingie, Alcide atoke. Sasa, kwetu wa akiba akifika, wewe unatoka, hamuulizani, maana mkibaki kumi na wawili mnaadhibiwa. Alcide alimwona anakuja, akamnyooshea kidole kumwonyesha benchi. Yule mtu akasimama katikati ya nyasi kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Akarudi. Akatumwa tena, akarudishwa tena. Watu uwanjani walianza kuzomea, sijui walikuwa wanamzomea nani. Mimi nilivua kofia nikaipunga mpaka manyoya yakatoka.

Mara ya tatu, Kessler aliyekuwa kando ya kocha na magongo yake alimshika yule wa akiba kwa jezi. Sikusikia alichosema. Niliona tu kwamba yule mtu hakuingia tena.

Hawakuvuka tena mstari wetu mpaka mwisho. Tulifungwa hata hivyo, kumi na nne kwa kumi.

Jumatatu ukagongwa mlango. Alikuwa yule mzee mpole wa ofisini ambaye wachezaji walimwita Mvunaji. Alikuwa na maneno yaleyale kwa kila mtu: kocha anakuomba ufike, na uje na kitabu. Ukiambiwa uje na kitabu cha mipango, umefukuzwa. Nilimpa mzee kahawa, maana hakuwa na kosa, na tukaenda wote.

Pruitt hakuwa na hasira siku hiyo, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema Alcide ni mchezaji mzuri na hapendi kumpoteza. Akampa njia ya kujiokoa. Aseme mbele ya wenzake kwamba alichanganyikiwa, kelele zilikuwa nyingi, aliteleza akajikuta katikati. Aombe radhi, arudi pembeni kwake, na kitabu arudi nacho nyumbani.

Nilimtazama mume wangu. Umri wake miaka ishirini na tisa, tuna watoto wawili, na wa tatu alikuwa ananipiga teke wakati uleule. Sikumkonyeza. Nilitaka jibu liwe lake.

"Sikuteleza, kocha," akasema. "Nilitembea. Hatua tisa, nikijua ninakokwenda."

Akaweka kitabu mezani. Akaongeza kwamba ukurasa wa thelathini na mbili una kosa, amelisahihisha kwa penseli.

Tukarudi Louisiana. Mama yake hakumsemesha mpaka Krismasi. Mjomba wake alikuja kila Jumapili baada ya ibada kumwambia kwamba pembeni pia ni uwanjani, na mchungaji akahubiri juu ya kiburi huku akitutazama sisi. Alcide alipata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha mchele. Jioni alikuwa anakimbia kwenye tuta la mto, watoto wakimfuata kwa baiskeli.

Simu ya kwanza ilikuja Januari, kutoka timu nyingine. Walimtaka, wakamuuliza anacheza nafasi gani. Akasema katikati. Wakasema katikati wana mtu, wao wanahitaji wa pembeni. Akasema basi mmepiga nyumba siyo, akakata. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu niliipokea mimi, na nikakata mimi, wala sikumwita.

Ya nne ilitoka mji wa kaskazini wenye theluji. Niliona anasikiliza muda mrefu. Akasema ndiyo, ni yeye. Akasema hapana, hajutii. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia, uso umemlegea kama wa mtoto. "Wanasema katikati, Verlene. Wanataka niandike mwenyewe kwenye mkataba."

Nikamwambia aulize kama nyumba zao zina majiko ya kuaminika.

Mechi ya kwanza kule nilikaa na mtoto mgongoni ndani ya koti la kuazima. Mwanzo mpaka mwisho nilimsikia Alcide akiwapanga watu, kushoto, kulia, rudi, ngoja, mpaka wazungu wa kiti cha nyuma wakaniuliza kama namjua huyo mwenye kelele. Nikasema nalala naye.

Jioni alikaa mezani akafungua mdomo, sauti haikutoka. Imekauka yote, imebaki uwanjani. Akanyoosha kidole kwenye pilipili. Nikampa. Akanyoosha kwenye mkate wa mahindi. Nikampa. Watoto wakaanza kucheka, naye akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, akanyoosha kidole tena kwenye sufuria.