Daftari la Sukari Nzuri

Fundi cherehani huyu hakuwahi kumpunguzia mteja hata robo inchi ya kiuno. Mwenye tumbo aliambiwa tumbo lake, akasirike akitaka. Ila sukari ya damu yake mwenyewe aliipima kwa macho. Bima ilimlipia mashine na vijiti vya kupimia nyumbani, ikamtaka ajaze daftari kila siku. Mwenyewe alijicheka: fundi mzima, kutwa na sindano, kumbe anaogopa kujidunga kidole. Basi asubuhi ya kliniki hujaza miezi mitatu kwa mkupuo: tano nukta nane, sita nukta moja, na hapa na pale nane, isije ikaonekana uongo. Hata kalamu alibadilisha. Nesi akamsifu mbele ya wagonjwa wenzake, naye akatoka kifua mbele.

Njia ya mwongo ni fupi. Ikaja barua ya bima: sukari yako imetulia, hongera, vijiti tunasitisha. Alicheka kwamba amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, kisha kicheko kikamkauka. Nyayo zilikuwa zikimwaka moto, tundu la sindano halioni vizuri, na vidonge vimepunguzwa kwa kulifuata daftari. Bila vijiti angekwenda gizani, na aliyejipeleka huko ni yeye. Aliogopa sana.

Akaenda kukiri kwa nesi. Nesi hakugomba. Alibonyeza kitufe cha mashine aliyokuja nayo fundi, na mashine, ambayo fundi hakujua kwamba ina kumbukumbu, ikatoa vipimo tisa tu vya mwaka mzima, vya siku chache alizothubutu kujidunga, vyote juu ya kumi na tano. Akavinakili kwenye fomu ya rufaa kwa bima, ili vijiti virudishwe. Ilibaki sahihi ya mtu anayeishi na mgonjwa.

Mtu huyo ni mkewe. Fundi alimpa fomu na utani aliouandaa njiani, kwamba kumbe mama ameolewa na mtunzi wa hadithi, tena asiyelipwa. Mkewe hakucheka. Alisoma namba zote tisa, moja moja.

"Mwaka mzima nakunywa chai bila sukari nisikutie tamaa," alisema. "Nikawa najiambia, ndiyo maana mume wangu anapona."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Mkewe alitia sahihi, akaivuta mashine. "Lete kidole."

Alikitoa, akadungwa. Mashine ikasoma kumi na saba nukta nne, na aliyeiandika daftarini ni mkewe.