Kioo cha Kinyozi Kando ya Tangi

Nilinunua samaki wanne, kila mmoja wa aina yake, kwa sababu nilitaka kujifunza. Ndivyo nilivyosoma shule ya usiku nikiwa na miaka arobaini na mbili, mchana nikinyoa watu vichwa: kila somo na daftari lake. Binti muuza samaki aliniuliza mara mbili, "Mzee wangu, mmoja mmoja kweli? Hawa ni samaki wa kundi." Nikamjibu kwamba tangi langu ni la lita arobaini, tena limejaa mimea, si ziwa.

Tangi lilikaa kwenye kona ya cherehani ya mke wangu. Alinipa kona hiyo kwa sharti moja: samaki wa kwanza akifa, cherehani inarudi.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Mwenye milia myeusi alimfukuza mwenye mapezi marefu huku na huku, hata mapezi yakawa kama kitambaa kilichogugunwa na panya. Wa tatu alizubaa tu juu ya maji. Na mdogo kuliko wote, mwenye mstari wa buluu unaowaka ubavuni, alijibanza nyuma ya chujio la maji, hali chakula, rangi ikimfifia.

"Mwalimu," mke wangu aliniita, kama aniitavyo akitaka kunichokoza, "huyo wa buluu anasoma nini huko nyuma?"

"Anazoea mazingira."

"Mimi nilizoea kwenu kwa siku tatu. Na mama yako alikuwepo."

Siku ya tisa nilikuwa najinyoa dirishani, karibu na tangi. Kioo changu cha mkono, kile nilichowaonyeshea wateja visogo vyao kwa miaka thelathini na sita, nilikiegemeza kwenye tangi, uso wake ukitazama maji, nikageuka kupaka povu. Nilipogeuka tena, wa buluu ametoka! Amesimama mbele ya kioo, na mwenzake wa kiooni amesimama naye. Akisogea, mwenzake anasogea. Niliondoa kioo, akarudi mafichoni. Nilikirudisha, akatoka. Nilirudia mara tatu, povu likinikaukia mashavuni.

"Sasa unamnyoa?" mke wangu aliuliza kutoka mlangoni.

Nilirudi dukani kwa yule binti na samaki wote wanne ndani ya ndoo. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wangu.

"Mwanangu, ulisema kundi. Kundi ni wangapi?"

"Sita kwenda juu, babu, wa aina moja. Wakiwa wengi hawaogopi."

"Na huyu mkorofi wa milia?"

"Akikosa wenzake anahamishia ugomvi kwenye mapezi ya wengine. Ukimletea wenzake, tangi lako litakuwa dogo. Huyo hakufai."

Niliandika yote daftarini. Akawachukua wale watatu, akanipa saba wa buluu, akawatia pamoja na wangu kwenye mfuko wa maji. Alinionya niuache mfuko uelee tangini kwanza, maji yalingane joto.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapima kona kwa futi ya kushonea.

"Hajafa," nilisema.

"Napima tu."

Niliuacha mfuko uelee, kisha nikawaachia. Wote wanane walipotea kwenye majani. Dakika kumi, hakuna kitu. Mke wangu akavuta kiti, futi ikining'inia shingoni. Kisha mmoja akatoka, akafuata wa pili, halafu wote wakapita pamoja mbele ya kioo cha tangi, wakageuka kwa wakati mmoja kama wameambiwa. Nikatupia chembe za chakula, wakazigombea.

"Wako ni yupi?" aliuliza.

Mimi niliyemtambua mteja kwa kisogo akiwa ng'ambo ya barabara, nilitazama mpaka macho yakaniuma. Wote walikuwa wanakula. Wote waling'aa.

"Sijui," nikasema.

Aliikunja futi, akaitia mfukoni. "Basi sogea, unanizibia."