Dawa ya Msimu wa Ukungu

Daktari Mutahi alimshika Murugi kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, kisha akaanza kumpapasa mashavu kwa kidole kimoja. Alipapasa polepole, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika kwenye kitambaa.

"Hapa," alisema. "Na hapa. Hapa pia."

Murugi aliyajua madoa hayo. Yalikuwa makavu na yenye kukwaruza, mengine yana magamba madogo ambayo aliyabandua kwa kucha, nayo yakarudi. Alikuwa albino, mtoto wa pekee wa Waithira wa Endarasha, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka thelathini na mitatu. Mwaka huo wa sabini na saba ndipo alipomwendea daktari wa ngozi kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndipo aliposikia kwamba mmoja alikuwa akija Nyeri mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi.

"Bado si saratani," daktari alisema. "Lakini mojawapo linaweza kugeuka, na mimi siwezi kukuambia ni lipi. Kwa hivyo tutayaondoa yote."

"Kwa kisu?"

"Kwa hii." Akamwonyesha bomba dogo la dawa ya kupaka. "Asubuhi na jioni, usoni kote, kidogo tu. Usiguse macho wala midomo. Na ukimaliza unawe mikono. Siku za kwanza hutaona kitu. Baadaye uso utawaka, utachubuka, utatoa maji. Watu watasema daktari amekuharibu. Wewe usiache."

"Itauma?"

"Itauma. Na itawaka hata mahali ambapo sasa unaona ni pazuri. Hii dawa inaona kabla ya macho."

Murugi alimpenda kwa kutomdanganya. Alipofunga mlango alimsikia akimwambia muuguzi kwamba Julai ni mwezi mzuri, kwa maana jua la huko Kieni litakuwa limejificha.

Na kweli lilikuwa limejificha. Msimu huo ukungu ulishuka kutoka Nyandarua kabla watu hawajaamka, ukapita kati ya mierezi ya uani, ukaingia jikoni kupitia juu ya mlango na kukaa humo na moshi. Kondoo walisikika wakikohoa lakini hawakuonekana. Shamba la pareto, ambalo Murugi na mama yake walipewa na serikali walipohamia skimu ya makazi baada ya Uhuru, lilikwisha kwenye mstari wa tatu. Zaidi ya hapo palikuwa na weupe tu. Mtu akiita kutoka barabarani, sauti yake ilifika kwanza, kisha kofia yake, kisha yeye mwenyewe.

Murugi aliweka kiti chake kwenye kona yenye giza na kufuma sweta. Asubuhi alipaka, jioni alipaka. Mwanzoni hakuona kitu, akafikiri kwamba labda ngozi yake haikusikia dawa. Kisha pembeni mwa pua pakaanza kuwasha. Kesho yake pakawa pekundu. Halafu madoa yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine, kwenye mashavu, kwenye kidevu, juu ya nyusi, kama makaa yaliyokuwa yamefukiwa majivuni na sasa mtu anayapuliza. Paji lake la uso, ambalo aliliamini kuwa safi, liliwaka lote.

Hakuweza kulala vizuri, kwa hiyo alilala kidogo kidogo wakati wowote, hata mchana, sindano za kufumia zikiwa mapajani. Redio ilizungumza, akasinzia katikati ya taarifa ya habari na kuamka kwenye bei za mahindi. Aliota uso wake ukiwa shamba, na mwanamke asiyemjua ameinama humo akipalilia. Mwanamke alikuwa akishika kila mmea na kumuuliza, "Na huu?" Murugi akijibu, "Ng'oa." Alipoamka, ukungu ulikuwa umefika miguuni pa kiti, na hakujua kama ilikuwa asubuhi au jioni. Ilibidi amuulize mama yake.

Waithira alimjibu bila kumtazama. Siku za kwanza alikuwa amemletea maji ya baridi na kitambaa laini, akamsifu kwa uvumilivu. Lakini uso ulipoanza kutoa maji na kushika magamba ya njano, alianza kuweka sahani mezani na kugeuka haraka. Wanawake wa kanisa walipokuja, aliwaambia langoni kwamba binti yake ana homa. Murugi alimsikia.

Kisha asubuhi moja akanyoosha mkono kwenye rafu na kukuta bomba la dawa halipo.

Waithira alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi.

"Mama, dawa yangu iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Wapi?"

"Chooni." Akaendelea kumenya. "Usiende kuangalia. Hakuna mtu anaweza kuitoa huko."

Murugi alikaa chini. Uso ulipwita kama moyo wa pili. Alikuwa na hasira, lakini akifungua mdomo ngozi ya midomo ilivutika na kuuma, kwa hiyo maneno yalitoka taratibu kuliko alivyotaka.

"Kwa nini, Mama?"

Waithira aliweka kisu kwenye sufuria. "Unakumbuka kile kijiji cha Imajensi, tulichofungiwa na Wazungu? Tulipochimba lile handaki?"

"Nakumbuka kidogo."

"Ulikuwa na miaka kumi. Kila mtu alikuwa lazima atoke, mkubwa kwa mdogo. Nilikufunga kitambaa kichwani, nikakivuta mpaka machoni. Homgadi mmoja, askari wa wakoloni, akakitoa. Akasema ati anataka kuona nyuso zote. Tukachimba kutoka asubuhi mpaka jua likaingia, wewe ukibeba mchanga na karai, na mimi nikikuangalia ukibadilika rangi. Usiku huo uso wako ulikuwa hivi hivi. Hivi hivi kabisa. Na sikuwa na hata maji ya kukuosha. Sasa nikae hapa nyumbani kwangu, hakuna askari, hakuna bunduki, nione ukijichoma kwa mkono wako?"

Murugi alikumbuka karai. Alikumbuka pia harufu ya mafuta ya kondoo ambayo mama yake alimpaka gizani, na kwamba hakumwona akilia, alisikia tu pumzi zake. Baba yake alikuwa kizuizini wakati huo, na hakurudi.

"Mama," alisema, "lile jua halikuisha siku ile. Ndilo linatoka sasa."

"Basi likae huko ndani."

"Likikaa litaniua."

Waithira alichukua kiazi kingine na kukishika bila kukimenya.

Siku ya kliniki iliangukia wiki hiyohiyo. Murugi alivaa koti na kofia yake pana. Alijaribu kujifunika leso usoni, lakini kitambaa kiligandana na vidonda na kukivua kulimtoa machozi, na machozi nayo yalichoma. Basi akaiacha. Akatembea kwenye ukungu hadi barabarani, mahali lori la ushirika lilipochukua maziwa.

Dereva wa lori, Ngatia, alishuka kupakia madebe. Alipomfikia alisimama.

"Ni wewe, Murugi?"

"Ni mimi."

"Umeungua na nini?"

"Sijaungua. Niko na dawa ya ngozi. Ndiyo inafanya hivi, halafu inapona. Nataka kufika Nyeri."

Ngatia alimtazama usoni, si kwa kuibia bali kwa utulivu, kama anavyotazama gurudumu kabla ya safari. "Kaa mbele na mimi," alisema. "Huko nyuma upepo utakumaliza."

Mweiga walisimama kuongeza madebe. Hapo ukungu ulikuwa mwepesi, na wanawake waliokuwa wakingoja na maziwa yao walimwona vizuri kupitia kioo. Mazungumzo yalikatika. Mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Maisha yake yote Murugi alikuwa amejibu macho ya watu kwa kuinamisha kichwa mpaka ukingo wa kofia uwafiche. Aliinama. Damu ikakimbilia usoni na maumivu yakawa makali kiasi kwamba alilazimika kuinua kichwa tena. Kwa hiyo alikaa na kichwa juu, akiwatazama. Aliona kwamba mmoja alikuwa mjamzito, kwamba mwingine alivaa viatu vya mwanamume, kwamba yule mwenye mtoto alikuwa na hofu zaidi kuliko chuki. Mzee mmoja wa kike alimwinulia mkono. Murugi akainua wake. Lori likaondoka.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu, na mawingu ya Nyeri yakapasuka. Jua liliingia dirishani na kuanza kutambaa kwenye benchi kumfuata. Kando yake aliketi mwanamke wa Kisomali aliyejitambulisha kwa jina la Zeynab, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi Nanyuki, aliyekuja na vidonda vya mikono. Alipoona Murugi akijikunja kukwepa mwanga, aliinuka bila kuuliza, akahamia upande wa dirisha na kutandaza shali yake kubwa mpaka kivuli kikawafunika wote wawili.

"Huko kwetu jua liko hivyo siku nzima," Zeynab alisema. "Mtu anazoea kutengeneza kivuli." Kisha akamsimulia habari za mbuzi aliyekataa kupanda lori Isiolo, na jinsi wanaume wanne walivyoshindwa naye. Murugi alitaka kucheka. Akamwomba asimchekeshe, kwa maana kucheka kuliuma, na Zeynab akazidi.

Daktari Mutahi alipomwona, uso wake ulichangamka. Alikuwa mtu wa kwanza mwezi huo kufurahi kumtazama.

"Vizuri sana," alisema. "Umeshika maagizo kweli."

"Dawa imekwisha. Mama ameitupa."

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alifungua kabati, akatafuta nyuma ya chupa, akatoa bomba lililokuwa limebaki. "Mama wengi wangefanya hivyo," alisema. "Mwambie ni kidogo tu imebaki. Mwambie sehemu mbaya ndiyo hii."

Waithira alikuwa amesimama barabarani lori liliporudi, mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na mvua. Koti lake lilikuwa limelowa kwa ukungu, kwa hiyo alikuwa amengoja muda mrefu. Nyumbani alinawa mikono kwa sabuni, akaketi mbele ya binti yake na kunyoosha kiganja.

"Nipe," alisema. "Wewe huoni mahali unapaka."

"Utaweza kutazama?"

"Sijui. Nipe."

Akafunga kidole kwa mfuko wa plastiki, kama daktari alivyokuwa ameagiza, akapaka. Alianza na kidevu. Alipofika kwenye paji la uso akasimama, akavuta pumzi, akaendelea mpaka kwenye nywele. Kila asubuhi na kila jioni ikawa hivyo. Wakati mwingine Waithira aliomba kwa sauti ya chini. Wakati mwingine alisimulia habari za kijiji kile ambazo hakuwahi kuzisema: nani aliimba handakini, nani aliwaibia maji, mahali walipomzika bibi yake Murugi.

Daktari alikuwa amesema waache kupaka vidonda vikifika kiasi fulani, na vilipofika, wakaacha. Magamba yalianza kudondoka. Murugi aliyakuta kwenye mto kila alipoamka. Chini yake ilikuwako ngozi ya waridi, nyembamba na laini, ambayo hakukumbuka kuwahi kuwa nayo.

Si madoa yote yaliyopona. Doa moja juu ya sikio la kushoto lilikataa, likabaki gumu. Daktari alilikata mwezi uliofuata kwa sindano ya ganzi na nyuzi chache, akamwambia ukweli kwamba mengine yatakuja, na kwamba atalazimika kurudi kila mwaka maisha yake yote.

"Nitarudi," Murugi alisema.

Jioni ya siku aliyotolewa nyuzi alisimama nje kwenye tangi la maji. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mlima ulionekana wote upande wa mashariki, theluji yake ikishika rangi ya mwisho. Alikinga maji kwa viganja na kunawa uso. Hayakuchoma. Akanawa tena, akaacha maji yateremke shingoni mpaka ndani ya kola.

Waithira alimwita kutoka jikoni, chakula kilikuwa kinapoa.

"Nakuja, Mama," Murugi alijibu, akakinga tena.