Mguu wa Fundi Cherehani

...na damu yenyewe haikuwa nyingi, tone moja tu, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa linajikusanya pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa bibi wa watu, halijaamua kudondoka wala kukauka, na yeye ameketi kwenye kigoda na mkasi wa kucha mkononi, mguu mzito umemlalia mapajani juu ya taulo, akilitazama tone lile kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, halafu upesi akalifunika kwa ncha ya taulo, akabonyeza, akageuka kuangalia mlangoni, hakuna mtu, Sista alikuwa bado chumba cha pili na wasichana wengine, sauti yake ikihama kutoka kitanda hadi kitanda, "mshikeni taratibu, huyo si gunia," na wale wakicheka kile kicheko cha kanisani, cha kujiziba mdomo huku mabega yanatikisika, na bibi mwenyewe hata hakushtuka, amefumba macho kwenye kiti chake cha dirishani, jua la saa nane limemfunika miguu yote miwili na beseni pia, pazia linavuta pumzi na kuitoa, linavuta na kuitoa, mpaka msichana akahisi chumba kizima kimelala na yeye ndiye ndoto yake, ndoto mbaya yenye mkasi, kwa kuwa humu katika nyumba ya wazee wote walimwita bibi huyu Fundi, alikanyaga cherehani miaka arobaini, na mguu wake wa kulia ulikuwa mpana kuliko wa kushoto, vidole vimelala upande mmoja, kucha zimekuwa nene na za njano, zimejikunja ndani, na kila alipozitazama alijiambia, hizi si kucha, huu ni mtihani wa taifa.

"Wewe mchukue bibi wa dirishani," Sista alikuwa amesema asubuhi wakati wa kugawa kazi, mbele ya wote kumi na wawili na fulana zao za bluu, "kucha zake hata wahudumu wa hapa wanazikimbia, lakini wewe mwenzetu ni mzoefu," na wote wakamgeukia, na yeye badala ya kusema neno akatabasamu, tena akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ee Mungu wangu, hata unyenyekevu aliuigiza, kilemba cha ukoka kile, akakivaa na kukinyoosha kimkae vizuri... mzoefu, yeye, ambaye nyumbani bibi yake akiita kutoka chumbani anajibu "nina mtihani," mtihani Januari, mtihani Agosti, mtihani siku ya Krismasi, ndipo anaondoka mdogo wake, mwenye miaka kumi na mitatu, wanayemwita Nesi kwa utani, anaweka chini alichokuwa anakifanya na kwenda, na mlango unafungwa, na kutoka nyuma ya mlango vinasikika maji na vicheko, ni kitu gani cha kuchekesha kwenye kumwogesha mzee, hakuwahi kuuliza, alipandisha redio. Siku moja tu aliitwa kwa jina lake kabisa, bibi alinyoosha mikono yote miwili kutoka kitandani, na yeye akasimama mlangoni kaziba pua kwa mgongo wa kiganja akijifanya anajikuna, na bibi akaona, macho yake hayaoni mbali lakini hilo aliliona, akarudisha mikono chini ya shuka na kumwambia Nesi, "Mwache, huyo ni wa kusoma," bila hasira, na ndilo lililomuuma, angetukanwa angepata pa kushikia.

Bibi wa dirishani akatikisa midomo. "Simama wima nikupime," akasema macho yamefumba, "usivute tumbo ndani, nguo haidanganyiki," na msichana akanyoosha mgongo kweli palepale kwenye kigoda, asijue kwa nini, akasubiri, lakini bibi alishazama tena huko aliko, labda dukani kwake, labda na mteja wa zamani, na taulo, akainua ncha ya taulo achungulie, damu imesimama, imeacha alama nyekundu kwenye kitambaa cheupe, akakikunja ndani ili isionekane, hodari wa kukunja mambo ndani huyu.

Na chanzo cha yote kilikuwa ile barua ya kuombea safari. Padre mlezi alisema nafasi za kwenda kuhudumia wazee ng'ambo ni kumi na mbili kama mitume, mmoja nyuma ya darasa akauliza, "Na Yuda naye atapanda ndege, Padre?" wakacheka wote, yeye alicheka kuliko wote, kisha Padre akasema hataki kusikia mtu atafanya nini huko ng'ambo, kila mtu ni malaika akiwa safarini, anataka barua ya kurasa mbili, mwanafunzi aeleze anachokifanya kwao kwa mikono yake mwenyewe, maana anayeshindwa kumhudumia bibi yake hakuna haja ya kumpandisha ndege akamhudumie bibi wa watu, na kalamu ya msichana ikaandika, *mimi humwosha bibi yangu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, huanza na uso, huloweka miguu yake katika maji ya uvuguvugu, kisha humkata kucha huku akinisimulia ujana wake*, barua nzuri, Sista alisema aliisoma mara mbili na mara ya pili akatafuta leso, na ubaya wake ni kwamba haikuwa na neno moja la uongo isipokuwa lile la kwanza, mimi. Mengine yote aliyaona. Alikwenda na daftari, akasimama mlangoni, kwa mara ya kwanza hakuondoka, na Nesi alipoinua kichwa na kumwona, uso wake uliwaka, alifikiri dada amekuja kusaidia, akasogea upesi kwenye mkeka, akapiga kiganja mahali pale palipokuwa wazi, "Kaa hapa dada, ushike mguu," akampa taulo, na yeye alilipokea lile taulo, akalishika, akauliza, "Maji yanatakiwa kuwa moto kiasi gani?" akaandika, akauliza na jingine, akaandika, na alipoona kurasa mbili zinatosha akamrudishia taulo kabla ya kucha kuanza kukatwa, akasema ana mtihani... na Nesi akasema sawa dada, akabaki pale na ile nafasi iliyo wazi pembeni yake. Hakuwahi kulikumbuka hilo hivi. Alikumbuka daftari, alikumbuka harufu ya sabuni, nafasi ile kwenye mkeka alikuwa hajaiona mpaka leo, akiwa nchi nyingine, na mguu wa mtu mwingine.

Sasa ng'ombe alishaliwa, mkia ndio ulimshinda, maana Jumapili watakaporudi ni Misa ya shukrani, na Sista ameshapanga, barua yake itasomwa mimbarini, aisome mwenyewe, kwa sauti yake, wazazi wote watakuwepo, baba na suti yake ya harusi za watu, bibi yake ataletwa kwa kiti cha magurudumu, na anayesukuma kiti ni nani kama si Nesi, wataketi mbele, na Nesi atasikia maji ya uvuguvugu, atasikia huanza na uso, ataijua kazi yake kama mtu anavyoijua nguo yake ikipita barabarani imevaliwa na mwingine, na hatasema kitu, hapo ndipo roho inapomuuma, angekuwa mdogo wa kupayuka angejua pa kuanzia vita, lakini yule atanyamaza na pengine atapiga makofi. Hata Alhamisi Kuu, alifikiri, wale wanaochaguliwa kuoshwa miguu na Padre huja wameshaiosha kwao, wameisugua kwa jiwe, wamepaka mafuta, Padre anamimina maji juu ya usafi, na yeye mwenyewe mwaka jana alipochaguliwa alinunua soksi mpya, na ndivyo alivyokuja huku, miguu imeng'aa...

"Mkono wa kujifunzia naujua," Fundi akasema, na safari hii macho yalikuwa wazi, madogo, makavu, yanamtazama yeye hasa. "Nimefundisha wasichana kumi na tisa. Mkasi unatetemeka kabla haujagusa kitambaa. Wewe hujawahi kumkata mtu kucha."

"Nimekuumiza, Bibi?"

"Umenikata. Kuumia ni jambo jingine. Basi uliza, mtoto, kuuliza si ujinga, au unasubiri vidole viishe?" Kisha akajiegemeza tena, akaguna kidogo kama mtu aliyekwisha kutoa bei yake na hashuki, na pazia likavuta pumzi, na mlangoni viatu, viatu vya Sista, vinajulikana kwa kisigino kimoja kilicholegea, na nyuma yake wasichana wawili, mmoja na kamera ya safari shingoni, "Njooni mwone huyu anavyofanya," Sista anasema kwa sauti ya kunong'ona kama wanaingia kwenye ibada, "waelekeze wenzako kidogo, mwanangu, waambie ulivyozoea kumfanyia bibi yako."

Na ilikuwa rahisi, hata sasa ilikuwa rahisi, kurasa mbili nzima alizijua kwa moyo, angeanza na maji ya uvuguvugu na wenzake wangeitikia kwa vichwa, kamera ingelia, Fundi huenda angenyamaza, wazee wengi hunyamaza, mwenyewe alimwona mmoja akinyamaza na kurudisha mikono chini ya shuka, na wiki nzima alikuwa ameogopa kitu kimoja, kujulikana, aliogopa uso wa Sista, aliogopa Padre na mitume wake, akaitafuta hofu ile sasa mahali alipoizoea, akaikuta ipo lakini imekuwa ndogo, imesogezwa pembeni na nyingine kubwa zaidi, kwamba bibi yake ana miaka themanini na sita, kwamba wiki iliyopita wakati wa kuaga hakuinuka, kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani akakuta kitanda kimetandikwa, na mikono yake yeye haijajifunza kitu, itabaki imejua kuandika tu, na hili hakuwa analiigiza, alitaka kwenda nyumbani, alitaka kuingia mle chumbani na kufunga mlango akiwa upande wa ndani.

"Sista," akasema, na sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka, "sijui. Sijawahi kumfanyia bibi yangu hata siku moja. Anayemfanyia ni mdogo wangu, na barua yote ni yake." Kamera ikashushwa. Mmoja wa wasichana akasema "He!" kisha akajiziba mdomo, na Sista alisimama pale na mkono kwenye fremu ya mlango, kisigino kimoja kimeinuka, uso bado haujachagua uwe wa namna gani, na yeye hakuusubiri, ulikuwa na wakati wake, Jumapili ilikuwa na wakati wake, na Nesi, huyo ndiye angechukua muda mrefu kuliko wote. Jua lilikuwa bado palepale juu ya beseni, mguu bado mapajani, kucha tisa hazijaguswa. Akakunjua taulo, doa likaonekana na wote, akamwinulia bibi uso.

"Nifundishe, Bibi," akasema. "Tunarudi nyumbani baada ya siku nne."