Kumi na Saba Haichagui

Katika maabara ile mmea haukuitwa kwa jina. Uwe jani, mzizi au gome, ukishavuka mlango ulipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyotajwa mpaka kazi iishe, ili habari zisivuje mtaani watu wakaanza kujichemshia. Binti aliyefanya kazi humo alikuwa mtiifu. Hakuwahi kutaja mmea hata mmoja nje ya ukuta ule.

Alichosahau ni kwamba magome ya namba kumi na saba yaliletwa na mama mkubwa, aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Ndiye aliyeyabandua, akayakausha, akaandika namba hiyo juu ya kila mfuko kwa kalamu nene. Na mama mkubwa alikuwa na saratani ya titi. Kila juma alitakiwa hospitali kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani. Zilizobaki zilikuwa nane. Nywele zilikwisha kumtoka, akawa anajitania kwamba angalau sabuni sasa inadumu.

Majuma matatu yaliyopita binti aliinamia darubini akakuta seli za saratani, zilizokuwa zimeng'ang'ania chini ya kibakuli, zimesinyaa na kuelea kama makombo. Akatoka mbio hadi koridoni na kupiga simu.

"Mama, kumi na saba imeziua zote!"

"Zote kabisa?"

"Zote! Laiti ungeziona."

"Hongera, mwanangu. Leo basi ule chakula cha maana, usije ukasherehekea kwa chai kavu."

Wakacheka, wakaagana.

Leo ndiyo ilikuwa zamu ya vibakuli vya pili, vyenye seli za ini zisizo na ugonjwa wowote. Binti alitazama, akafuta lenzi, akatazama tena. Nazo zilikuwa zinaelea.

"Haichagui," alisema msimamizi, waliyemwita Jicho Moja kwa jinsi alivyofumba jicho la pili akiwa kwenye darubini. "Usinune. Hata mafuta ya taa yanaua seli za saratani. Kazi ni kumwacha mgonjwa mwenyewe hai." Akafunga daftari. "Halafu mwambie mama yako aache ubahili. Mfuko wa mwisho wa kumi na saba umekuja nusu."

"Nusu?"

"Eti mti umegoma."

Binti hakucheka. Alivua koti jeupe, akalitupa juu ya kiti, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta mama mkubwa jikoni, ameegemea ukuta, sufuria ya maji ya kahawia ikitokota mbele yake. Alipogeuka, weupe wa macho yake ulikuwa wa njano kama kiini cha yai.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Mama, unakunywa nini?"

"Si unajua? Namba yake niliiandika mimi mwenyewe."

Binti akazima jiko. Akaiepua sufuria kwa pupa, maji yakamwagikia vidole, asisikie moto.

"Na dripu?"

"Tatu zimepita sikwenda. Nilisema ya nini kujitesa, na wewe umeshaziua zote."

"Kwenye kibakuli, mama! Ni kwenye kibakuli tu. Leo tumejaribu seli nzima, nazo zimekufa."

Mama mkubwa akakaa taratibu juu ya kigoda.

"Nilihisi," alisema. "Tangu nilipoanza kutapika."

"Sasa kwa nini hukuacha?"

"Ulikuwa umefurahi mno kwenye simu. Toka utoto wako sijakusikia ukipiga kelele vile. Nikasema nisikuangushe."

Binti alipiga magoti, akamlalia mapajani, akalia.

Kesho yake hospitalini daktari alisoma majibu ya damu mara mbili. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, na binti akaelewa kabla hajasema neno.

"Ini limeharibika. Halitabeba dripu tena."

"Likipona je?" binti aliuliza.

Daktari alitazama karatasi zake. "Tutampa dawa za maumivu."

Daktari alipotoka, mama mkubwa alimvuta binti mkono.

"Daftarini kwenu mnaandika mmejaribu mara ngapi?"

"Tunaandika."

"Basi andika sawasawa. Vibakuli viwili, mtu mmoja." Alipumzika kidogo. "Na jina la mti uliandike, mwanangu. Hizo namba zenu hazikunizuia kuchemsha."