Kikombe Kilicholala Ubavu

Kazi yangu ni kufagia, kupiga deki na kupika chai katika ofisi inayotengeneza lugha ya kompyuta. Lugha hiyo haina mtu anayeizungumza. Mtu anaiandika, kompyuta inatii, basi. Shule nimeishia darasa la saba, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja nawapelekea chai, na masikio hayana pazia. Yapo niliyoyaelewa. Kubwa ni hili: kompyuta huambiwa, kama jambo ni kweli fanya hivi, la sivyo fanya vile. Mambo yote ya dunia yanapitishwa kwenye milango hiyo miwili.

Wanaoamua lugha iweje ni wazee tisa wa Baraza. Nawaita wazee kwa heshima, wengine ni vijana wa juzi. Zamani walipiga kura kwa kunyoosha mikono, mpaka siku mmoja wao alipojikuna kichwa akahesabiwa, wakanuniana miezi mitatu. Tangu hapo wanapiga kura kwa vikombe. Ukimaliza chai, kama unakubali unaacha kikombe wima. Ukikataa unakifunika kwenye kisosi. Hairuhusiwi kugusa kikombe cha mwenzako. Wa kugusa ni mimi tu, kwa sababu mimi ndiye muoshaji. Nazunguka na sinia, nakitaja kila kikombe kilivyo, Karani anaandika neno nililotaja, na mashine inahesabu.

Binti yangu kitindamimba ni mhandisi katika ofisi hiyohiyo. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba akiwa kazini hanibebei sinia, wala mimi simsemei kwa mtu. Yeye ndiye aliyelipeleka Barazani pendekezo la mlango wa tatu: kama ni kweli, fanya hivi, kama si kweli, fanya vile, kama hujui, uliza. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikuwa nafuta meza, nikainama zaidi ili wasione ninavyotabasamu. Ndivyo nilivyomlea. Akiwa mdogo nilikuwa nikimtuma aangalie kama maji yamechemka, anarudi na jibu la kubahatisha, na mimi namwambia, kama hujui, mama, funua kifuniko.

Lilikataliwa mara mbili. Mpinzani mkubwa alikuwa mjumbe tunayemwita Haraka, kwa kuwa humalizia watu sentensi zao. Alisema kompyuta isiyojua haina tofauti na redio. Na sheria ya Baraza ni kwamba pendekezo likikataliwa mara ya tatu linashuka chini na mwenye nalo, kwenye chumba cha simu za malalamiko. Aliyeshuka mwisho alitaka kupunguza mabano. Mpaka leo yuko huko anapokea simu, na watu wakikutana naye kwenye ngazi wanampa pole kama mfiwa.

Usiku wa kuamkia kura ya tatu binti yangu hakula. Akaniambia, "Mama, nikishuka kule sipandi tena." Nikampakulia tena, nikaenda kuomba. Sikumwomba Mungu binti yangu ashinde. Nilimwomba jambo linyooke.

Asubuhi akasimama mbele yao akaeleza. Kuna mashine ya bustani iliyoandikwa kwa lugha yao: kama udongo umelowa funga bomba, la sivyo fungua. Waya wa kipimo ulitafunwa na panya, mashine isijue kitu, ikafungua bomba siku nne. Mwenye bustani alipiga simu ya malalamiko akiwa amesimama juu ya meza ya kulia chakula. Haraka akasema bwana huyo afuge paka.

Wakanywa. Nikaanza kuzunguka. Vinne vilikuwa wima, vinne vimefunikwa. Kilibaki cha Mwenyekiti, mzee wa watu, ambaye tangu chai ya kwanza alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Kikombe chake kilikuwa kimelala ubavu kwenye kisosi.

Mgongo wangu ulikuwa umemziba Karani, na Haraka alikuwa ameinama anavaa kiatu alichokuwa amekivua chini ya meza. Vidole viwili tu vingetosha kukisimamisha. Niliinua macho nikamwona binti yangu mlangoni, na nikaona kwamba amekiona. Marehemu baba yake alikuwa mpima nafaka sokoni, na alikuwa akisema mkono ukigusa mizani umeshaiba, hata kama umegusa kwa kuifuta vumbi. Nikaweka mkono wangu chini ya sinia.

"Cha Mwenyekiti kimelala," nikasema.

Karani akauliza kimelala wima au kimelala kimefunikwa. Nikamjibu kimelala kama mwenyewe alivyolala. Wakacheka, Mwenyekiti akaamka.

Karani akaandika "kimelala". Mashine ikatoa hapana. Haraka akasema ni sawa kabisa, mashine imeandikwa kwa lugha yetu wenyewe: kama kikombe ni wima, ndiyo, la sivyo, hapana. Nne kwa tano, tufunge kikao.

Binti yangu akaomba jambo moja tu, Karani aandike "kijiko". Karani akaandika, mashine ikasema hapana. Akaandika "sinia". Hapana. Mjumbe mmoja, mtu wa mzaha, akataka kiandikwe kiatu cha Haraka, nacho kikakataa pendekezo. Ikaingia kama homa. Wakaandika dirisha, pazia, ngazi, mvua. Vyote vilikuwa vinapinga. Haraka akanong'ona kwamba angalau pazia lina akili.

Ndipo nikakumbuka. Sikuwa na ruhusa ya kusema kwenye kikao, lakini kunyamaza nako ni kusema.

"Kwenye kura ya pili kikombe kimoja kilinivunjikia mkononi kabla sijakitaja," nikasema. "Nilimwambia Karani kimevunjika. Kiliandikwaje?"

Karani akatafuta, akasoma kwa sauti ndogo: kimevunjika, hapana. Siku hiyo pendekezo lilikuwa limeanguka kwa kura moja.

Haraka akasema ya kale hayanuki, cha leo ni leo. Mwenyekiti yuko macho sasa, atamke mwenyewe, wima au kimefunikwa. Mwenyekiti akakitazama kikombe chake muda mrefu, akamtazama binti yangu, akakirudia kikombe.

"Sijui," akasema.

Miaka kumi na moja sikuwahi kulisikia neno hilo katika chumba kile. Karani, kwa kukosa la kufanya, akaliandika. Mashine ikatoa hapana.

"Sikusema hapana, mwanangu. Nimesema sijui."

"Mashine haina hilo, mzee."

Na sheria hairuhusu kufunga kikao kabla kura ya kila mjumbe haijaandikwa kama alivyoipiga. Wakakaa. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Nikapika birika la pili, lakini vikombe vilikuwa ushahidi na haviguswi, basi wazee wa watu wakanywea chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai, wakipokezana kwa zamu. Haraka akaja wa mwisho akakuta imepoa.

Hatimaye Mwenyekiti akasema anaona njia moja tu. Kura yake haiandikiki bila mlango wa tatu. Mlango wa tatu haujakubaliwa. Hauwezi kukubaliwa bila kura yake kuandikwa. Basi, kwa kuwa ni dharura, ukubaliwe kwa mdomo kwa saa moja, kwenye mashine ya kura tu, watu waende makwao. Haraka ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ndiyo, maana kiatu kilikuwa kinambana.

Binti yangu akakaa kwenye kiti cha Karani akaandika. Hata dakika kumi hazikufika. Karani akaingiza tena "kimelala". Mashine ikajibu: Sijui. Muulizeni mwenye kikombe. Wakamuuliza, akasema bado. Mashine ikaandika: wanne wanakubali, wanne wanakataa, mmoja anasubiriwa. Pendekezo halikupita wala halikukataliwa, na lisilokataliwa halimshushi mtu ngazi.

Saa moja ilipotimia Haraka akataka mlango uondolewe. Karani akamwambia kuondoa ni pendekezo jipya, linahitaji vikombe tisa visafi, na kimoja hakiwezi kuoshwa kwa kuwa bado kinapiga kura.

Jioni ile binti yangu alikula sahani mbili, na ya pili alijipakulia mwenyewe. Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Kila asubuhi wakati wa chai mashine inamuuliza Mwenyekiti kama ameshajua, naye anajibu bado, anakunywa chai yake kwenye glasi. Kikombe kiko palepale mezani mbele yake, kimelala ubavu. Mimi nafuta vumbi kukizunguka.